Biureti inabaki bluu na ninhidrini inageuka hata kwenye maji matupu: naomba ushauri kwa TP ya proteini (Goma)

Mwalimu_Himbi

Jambo wote. Naandaa TP (kazi ya vitendo maabarani) ya majaribio ya rangi kwa mwaka wa sita, kemia na biolojia. Wanafunzi watapewa mirija minne isiyo na majina, yenye ute wa yai na gelatini (proteini), na glisini na tirosini (asidi amino, yaani vijenzi vya proteini). Kazi yao ni kutambua kila mmoja kwa rangi peke yake. Vitu vilivyopo ni mrututu (sulfati ya shaba), sude kostiki (hidroksidi ya sodi) ya watengeneza sabuni, unga wa ninhidrini (dawa inayogeuka zambarau ikikutana na asidi amino), asidi ya nitriki kali na asetati ya risasi. Kitendanishi cha Millon (dawa ya zebaki inayoonyesha tirosini) hakipo. Umeme haueleweki, kwa hiyo maji yanachemshwa juu ya mbabula (jiko la makaa).

Kuna matatizo matatu:

Biureti (jaribio la proteini kwa mrututu na sude): ute wa yai mililita 1, sude ya asilimia 10 mililita 1, mrututu wa asilimia 5 mililita 1. Zambarau haitokei. Natoka na bluu iliyojaa madonge yanayoelea, na mrija wa maji matupu unafanana nao kabisa. Maji ni ya ziwa, yamechujwa na kuchemshwa.

Ninhidrini: mrija wa maji matupu unageuka zambarau hafifu, na ule wa tirosini hauonyeshi kitu.

Millon: je, ni lazima kutafuta zebaki, au TP inawezekana bila hiyo?

LaboKadutu

Jambo Mwalimu. Tuanze na biureti, maana hapo shida ni mbili zilizokutana katika mrija mmoja.

Ya kwanza ni shaba nyingi mno. Mililita 1 ya mrututu wa asilimia 5 ina miligramu 50. Jaribio hili linataka matone 3 hadi 5 ya mrututu wa asilimia 1. Matone manne ni kama miligramu 2. Umeweka mara ishirini na tano ya kinachohitajika. Proteini inashika shaba kidogo tu, na hiyo ndiyo inayoonekana zambarau. Iliyobaki inaungana na sude na kuwa hidroksidi ya shaba, madonge ya bluu yanayofunika kila kitu. Zambarau yako huenda imo ndani, ila macho hayawezi kuifikia.

Ya pili ni maji. Maji ya Ziwa Kivu yana magnesi nyingi na bikaboneti, na pH yake juu ya ziwa ni kama 9. Ukiyachemsha unapunguza vijidudu. Magnesi nyingi inabaki palepale. Sude ikiingia, magnesi inakuwa hidroksidi nyeupe kama maziwa mepesi. Jaribu kutia sude ndani ya maji hayo bila mrututu wala yai. Yakichafuka, umepata jibu.

Utaratibu ni huu: sampuli mililita 2, sude ya asilimia 10 mililita 2, tikisa. Kisha tia mrututu wa asilimia 1 tone moja moja, ukitikisa baada ya kila tone. Simama mara zambarau inapoonekana. Usipashe moto. Andaa pembeni mrija wa maji uliopewa matone yaleyale, na uitazame yote miwili mbele ya karatasi nyeupe.

Ute wa yai usiutumie mzito. Yai moja hutoa ute wa mililita 30 hivi, na sehemu ya kumi yake ni proteini. Changanya ute mililita 10 na maji ya chumvi ya asilimia 0.9 mililita 90, kisha pitisha kwenye kitambaa. Ukitumia maji bila chumvi, baadhi ya proteini zinaganda na mchanganyiko unakuwa na ukungu.

Mama_Kemia_Lshi

Mwalimu, naongeza juu ya sude. Ile ya sabuni inafaa ikiwa ni mpya. Ikiwa mfuko umekaa wazi, imevuta hewa ya ukaa na sehemu yake imekuwa kaboneti. Mrututu ukiingia hapo unatoa ukungu wa bluu nyeupe. Pima hivi: yeyusha kidogo, tia siki nyingi. Ikitoa mapovu ya kutosha, tafuta nyingine. Gramu 10 kwenye maji ya mililita 70, ikishapoa jaza hadi 100. Sude ndiyo inaingia ndani ya maji, polepole, kwa sababu inapanda moto. Iweke kwenye chupa ya plastiki. Kizibo cha kioo kitanata.

Ukitaka biureti isiyokusumbua kila wiki, tengeneza ile yenye tatrati. Mrututu gramu 1.5 na tatrati ya sodi na potasi gramu 6 ndani ya maji mililita 500. Mimina sude ya asilimia 10 mililita 300 huku ukikoroga. Jaza hadi lita 1. Tatrati inaishika shaba isianguke, kwa hiyo madonge hayatokei. Kwa mililita 1 ya sampuli, weka mililita 4 za kitendanishi. Wenye kifaa cha kupima rangi wanasubiri dakika 30 na kusoma kwenye nanomita 540. Ukiona unga mweusi au mwekundu chini ya chupa, imwage, utengeneze nyingine.

Bio_Birere

Maji safi hapa Goma tafuta kwenye magereji, yale ya kuongezea betri. Ila kuwa mwangalifu sana: vibidoni viwili vinafanana, kimoja ni maji yaliyokenekwa, kingine ni asidi ya betri. Chovya karatasi ya litmasi kabla ya kutumia. Kuhusu biureti, kama haikugeuka basi hakuna proteini wala asidi amino, unaweza kutupa mrija.

LaboKadutu

Hapana ndugu, hapo kwenye asidi amino si sawa, na ni kosa ambalo wanafunzi watalibeba mpaka mtihani. Biureti haisomi proteini kama kitu kizima. Inasoma kiungo cha peptidi, kile kinachounganisha asidi amino, na inataka angalau viungo viwili vilivyofuatana. Glisini peke yake haina hata kimoja, kwa hiyo inabaki bluu ya mrututu. Dipeptidi, yaani asidi amino mbili zilizounganishwa, nayo inabaki bluu. Peptoni, yaani vipande vifupi, hutoa waridi. Hata jina lenyewe linatokana na biureti, kitu kinachopatikana ukipasha urea mpaka itoe amonia, na ambacho hakimo ndani ya proteini. Kina viungo vinavyofanana, ndiyo maana kinatoa rangi ileile.

Na kuna uongo wa upande wa pili: chumvi za amonia. Ukiwa umegandisha proteini kwa sulfati ya amonia, sude inatoa amonia, amonia inashika shaba, unaona bluu nzito ambayo mtu mwenye haraka ataiita zambarau.

Dada_Ninhidrini

Mimi nichukue ninhidrini. Mwalimu, mrija wa maji kugeuka zambarau kuna sababu chache tu. Vidole: jasho lina asidi amino za kutosha, na polisi wanatafuta alama za vidole kwenye karatasi kwa dawa hiihii. Usizibe mrija kwa kidole gumba ukitikisa. Amonia: kama kuna mtu anasafisha kwa dawa yenye amonia, au mrija wa amonia uko wazi pembeni, rangi itakuja. Au mirija ilioshwa vibaya baada ya TP ya juzi. Ioshe, isuuze mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, uikaushe kichwa chini.

Ninhidrini yenyewe: gramu 0.2 ndani ya alkoli mililita 100, chupa ya rangi ya kahawia, mahali pa baridi. Tengeneza ya wiki hiyo tu. Vaa glavu, la sivyo ngozi inakaa zambarau siku kadhaa.

Kwa tirosini kutoonyesha kitu, nina swali. Uliiyeyusha na nini?

Mwalimu_Himbi

Ilikataa kuyeyuka, nikaongeza sude mpaka ikawa safi. Gramu 1 kwa mililita 100.

Dada_Ninhidrini

Hapo ndipo ilipokufa. Ninhidrini inataka asidi kidogo, pH 5 hivi. Kwenye sude haifanyi kazi. Tirosini ni ngumu sana kuyeyuka: lita nzima ya maji ya nyuzi 25 inachukua chini ya nusu gramu. Usilazimishe. Pima miligramu 40 kwa mililita 100, pasha maji, koroga mpaka iishe, bila sude. Kwa rangi hizi inatosha kabisa. Glisini haina shida, gramu 0.1 kwa mililita 100.

Halafu muda. Vitabu vingi vinasema dakika 5 kwenye maji yanayochemka, na waandishi walikuwa wanafikiria nyuzi 100. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kuongeza makala hakutapandisha joto, kutaleta mvuke tu. Toa dakika 8 hadi 10. Sampuli mililita 1, ninhidrini matone 5, mirija yote iingie pamoja na itoke pamoja, na ule wa maji uwe katikati yao. Na alkoli inawaka: chupa ya ninhidrini ikae mbali na mbabula.

Utaona glisini na tirosini zambarau nzito, ute na gelatini hafifu, maana proteini ndefu ina ncha chache zilizo huru. Prolini ingetoa njano, kama siku moja utaiweka.

Mama_Kemia_Lshi

Sasa Millon. Usitafute zebaki, Mwalimu. Najua huko Kivu inapatikana kwa wachimba dhahabu, lakini kuiyeyusha ndani ya asidi ya nitriki kunatoa moshi wa kahawia unaochoma mapafu, na uchafu wake hauna pa kwenda. Millon inaonyesha kundi la fenoli, yaani tirosini. Tena ungetumia ute wenye chumvi, kloridi ingeishika zebaki na rangi nyekundu ingedhoofika. Asidi ya nitriki uliyonayo inatosha.

Jaribio la ksantoproteiki: sampuli mililita 2, asidi ya nitriki kali mililita 1. Ute utaganda mweupe, usishtuke. Pasha ndani ya maji yanayochemka dakika 2 au 3 mpaka njano ionekane. Poza kabisa ndani ya maji baridi. Baada ya kupoa ndipo utie sude ya asilimia 20, tone kwa tone, mdomo wa mrija ukielekea ukutani. Njano ikigeuka chungwa, una pete ya benzini ya tirosini au triptofani. Wengi wanasimama mapema, asidi bado ipo, wanaandika kwamba chungwa haikuja. Endelea mpaka litmasi iwe bluu. Fenilalanini karibu haijibu, pete yake ni ngumu kwa asidi hii peke yake. Miwani kwa kila mtoto, na mwalimu ndiye amimine asidi.

LaboKadutu

Mama amesema vizuri. Angalieni basi jinsi mirija minne inavyojitenga. Biureti inagawa wawili kwa wawili: ute na gelatini zambarau, glisini na tirosini bluu. Kwenye zile za bluu, ksantoproteiki inatoa chungwa kwa tirosini na si kitu kwa glisini. Kwenye zile za zambarau, ute unatoa chungwa kali na gelatini inafifia sana, kwa kuwa ina tirosini chache na haina triptofani. Ninhidrini katika TP hii haitenganishi mtu. Inathibitisha tu kwamba mrija wa glisini si maji. Ndiyo maana sikubaliani na kuanza nayo. Inasema ndiyo kwa kila kitu chenye amini.

Kwa ute na gelatini usitegemee kufifia kwa rangi. Tumia risasi. Sampuli mililita 2, sude ya asilimia 40 mililita 2, chemsha dakika 5 ukiweka vipande vidogo vya kigae ili isiruke. Kisha asetati ya risasi matone 3. Weupe ukitokea, tikisa, sude itauyeyusha. Ute unakuwa kahawia halafu mweusi: salfa ya sisteini imetoka na kuwa salfidi ya risasi. Gelatini inabaki safi. Metionini ina salfa pia, lakini haijibu, imefungwa vingine.

Bio_Birere

Aksanti kwa kunirekebisha. Je, asidi ya betri ingefaa kwa Hopkins-Cole, ile pete ya zambarau ya triptofani?

Mama_Kemia_Lshi

Haifai, ndugu. Ya betri ina uzito wa gramu 1.28 kwa mililita, karibu theluthi mbili ni maji. Pete inataka asidi ya salfuriki ya 1.84, inayozama chini ya sampuli na kukaa. Na usijaribu kuichemsha ipungue, mvuke wake ni hatari.

Mwalimu_Himbi

Nimerudia kwa maji ya gereji na mrututu wa asilimia 1. Ute: zambarau kwenye tone la tatu. Maji: bluu hafifu, hakuna donge. Tirosini ya miligramu 40 imejibu ninhidrini kwa dakika 9, na mrija wa maji umebaki mweupe. Limebaki moja: gelatini inaganda asubuhi. Na uchafu wa risasi nimwage wapi?

Dada_Ninhidrini

Gelatini punguza hadi nusu gramu kwa mililita 100, ipashe ndani ya maji vuguvugu kabla ya darasa. Iwe ile isiyo na sukari wala rangi.

Risasi usimwage popote. Goma imekaa juu ya mawe ya volkeno yenye nyufa, kinachomwagwa uani kinashuka bila kuchujwa. Tafuta kibidoni cha plastiki, andika RISASI kwa kalamu isiyofutika, kila mrija umiminwe humo pamoja na maji ya kwanza ya kuosha. Kifungie kabatini. TP ya watoto thelathini haitoi hata lita moja.