Tupeane uzoefu: kadi ya stensili na rojo iliyokufundisha kuliko nyingine zote

Mwanzisha mada

Ndugu wapenzi wa kazi za mikono, salamu.

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikitengeneza kadi za salamu kwa stensili, yaani bamba jembamba lililokatwa matundu yenye umbo la mchoro, na rojo zito la akriliki, lile jeupe linalopakwa kwa kisu bapa juu ya matundu ya stensili, ambalo likikauka huacha mchoro ulioinuka unaoweza kuhisiwa kwa kidole. Nimesoma maelekezo mengi, na karibu yote yana hatua zilezile: bandika stensili, paka rojo, inua, acha likauke. Ni maelekezo ya kweli, lakini hayasemi kwa nini kadi ya kumi hutoka safi na ya kumi na moja ikaharibika, ilhali mikono ni ileile na rojo limetoka katika kopo lilelile. Mimi jibu nimelipata katika kadi zilizoharibika, na naamini kila mmoja wetu ana angalau moja ambayo hakuwa na moyo wa kuitupa. Naomba tuzieleze hapa: kadi ilikuwa ya shughuli gani, iliharibikaje, na baada ya hapo ulibadilisha nini.

Nianze na yangu. Rafiki yangu alifiwa na mama yake, nami nikataka kumpelekea kadi ya pole yenye tawi moja la majani meupe juu ya karatasi nyeupe, bila rangi yoyote. Mchoro mweupe juu ya weupe huonekana kwa kivuli chake tu, mwanga unapoujia kutoka ubavuni, na niliona utulivu huo unafaa kwa msiba. Kwa kuwa nilitaka majani yawe manene, nilipitisha kisu mara tano au sita juu ya sehemu ileile. Nilipoinua stensili, kila jani lilikuwa limeota ndevu. Kila nilipopitisha kisu nilikuwa nasukuma rojo kidogo chini ya ukingo wa tundu, na katika kadi isiyo na rangi hakuna kitu cha kuficha kosa kama hilo.

Tangu siku hiyo napitisha kisu mara moja kujaza na mara moja kusawazisha, kikiwa kimelala karibu kabisa na stensili, na mkono hauendi mbele na nyuma. Nimeelewa pia kwamba unene wa mchoro huamuliwa na stensili yenyewe. Stensili ya plastiki yenye unene wa robo milimita itatoa mchoro wa takriban robo milimita, hata ukipaka kutwa nzima, kwa hiyo anayetaka majani manene atafute stensili nene. Kadi ile sikuipeleka. Niliandika barua ya kawaida kwa mkono, na tawi lile ninalo hadi leo kwenye droo.

Mchangiaji wa kwanza

Asante kwa mada hii, ndugu. Yangu ni kadi za harusi ya mdogo wangu, ambaye aliniomba jina lake na la mwenzake yainuke kwenye jalada. Kwa kuwa stensili yenye majina hayo haiwezi kupatikana tayari, niliikata mwenyewe kutoka kwenye filamu kuukuu ya eksirei, na nilipomaliza kukata herufi O ya kwanza, duara la ndani lilidondoka mezani. Nikabaki na tundu la mviringo lisilosomeka kama herufi yoyote. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kila kipande cha ndani kinahitaji madaraja, yaani vijiti vyembamba viwili au zaidi vinavyokiunganisha na sehemu iliyobaki, na kwamba madaraja hayo hupangwa wakati wa kuchora kwa penseli, kabla kisu hakijagusa filamu.

Baadaye nilisoma habari za mafundi wa Japani waliokata stensili za karatasi ziitwazo katagami na kupitishia humo rojo la mchele, ili rangi isiingie kwenye sehemu fulani za kitambaa. Mchoro ulipokuwa laini mno kuweza kubeba madaraja, waliweka nyuzi nyembamba za hariri kati ya tabaka mbili za karatasi ili zishikilie vipande vya ndani. Nilifarijika sana kujua kwamba tatizo langu la mezani ni tatizo la kale la mafundi wakubwa, na kwamba wao pia walikuwa wakisukuma rojo katika matundu kama sisi.

Jambo la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kulitambua. Kisu kinapokata plastiki huinua ukingo mdogo mkali upande wa juu wa mkato. Nilikuwa nikigeuza stensili bila kujali upande, na ukingo huo ukikaa chini, stensili hailali vizuri na rojo hupenya. Siku hizi natia alama upande wa juu kwa kalamu isiyofutika, na ninapokata mviringo nazungusha filamu huku kisu kikibaki palepale.

Mchangiaji wa pili

Mimi nizungumzie rojo lenyewe, maana si kila mtu hununua lililo tayari. Nilianza kwa kuchanganya unga wa plasta na gundi nyeupe ya mbao. Kadi ya kwanza ilipendeza, lakini nilipofika ya tatu niliona bakuli limepata joto mkononi, na muda mfupi baadaye mchanganyiko ulikuwa jiwe. Niliongeza maji nikidhani umekauka tu, nao ukawa vipande vya changarawe. Sikujua wakati huo kwamba plasta huganda kwa kuungana na maji, kwa hiyo ikishaganda maji hayairudishi nyuma, tofauti na rojo la akriliki ambalo hukauka kwa kupoteza maji na, likifungiwa vizuri kwenye kopo, hudumu muda mrefu. Tena plasta ni kavu na haivumilii kupindwa: kadi hizo zilipofunguliwa na kufungwa mara kadhaa, mchoro uliokuwa karibu na mkunjo ulipasuka na kuanza kumeguka.

Sasa natumia unga wa chaki uliochekechwa sehemu mbili, gundi nyeupe sehemu moja na rangi nyeupe ya akriliki sehemu moja, kisha naongeza unga kidogokidogo hadi alama ya kisu ibaki wazi juu ya rojo bila kujifuta. Alama ikijifuta, rojo ni jepesi na litatambaa chini ya stensili hata mkono uwe mwepesi namna gani. Kuchekecha ni lazima, kwa sababu punje moja ngumu ikinaswa chini ya kisu huchora mfereji kutoka mwanzo wa mchoro hadi mwisho. Na tafadhalini, mnapomimina unga huo fungeni pua na mdomo. Vumbi lake ni jembamba na halifai kuvutwa.

Mchangiaji wa tatu

Langu ni fupi. Kosa langu lilikuwa kuacha stensili mezani nikisubiri kadi ikauke. Akriliki ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji, na matundu madogo ya stensili yangu bora yaliziba. Siku hizi naweka sinia pana la maji kando kabla sijafungua kopo, na stensili ikiinuliwa kutoka kwenye kadi huingia majini moja kwa moja. Iliyokwisha kukauka, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha uisugue ikiwa imelala bapa kwa mswaki laini, maana ukiisugua ikiwa imening'inia madaraja hukatika. Kwa wanaotumia plasta: masalia yasimwagwe kwenye sinki, yataganda ndani ya bomba.

Mchangiaji wa nne

Mimi niliharibu kadi ishirini kwa usiku mmoja, zote za kuwaaga wenzetu kazini, na sababu ilikuwa haraka. Niliona rojo linachelewa kukauka nikachukua mashine ya kukaushia nywele, nikaiweka kwenye joto kali na kuisogeza karibu. Sehemu ya juu iliota ngozi, maji yaliyobaki chini yakakosa pa kutokea, na mchoro ukajaa malengelenge. Kadi zenyewe zilikuwa zimejikunja kama magome ya mti, kwa sababu rojo lilikuwa na maji, nyuzi za karatasi zikayanywa upande mmoja na kutanuka, kisha rojo likasinyaa lilipokauka na kuivuta karatasi kuelekea upande wake.

Nilijaribu tiba nyingi, na iliyonifaa zaidi ni kutopaka rojo kwenye kadi yenyewe. Napaka kwenye kipande cha pembeni cha karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita mraba, nakiacha usiku kucha kikauke chenyewe, nakiweka chini ya vitabu kwa saa kadhaa kikiwa kimefunikwa kwa karatasi ya kuokea isiyonata, ndipo nakibandika kwenye kadi iliyokunjwa. Ukikunja A5 unapata kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, na kipande cha milimita 95 kwa 138 huacha ukingo wa milimita tano kila upande. Faida yake ni kwamba kipande kikiharibika unapoteza kipande tu, wala si kadi.

Na msizipange kadi zikitazamana. Akriliki hata ikikauka hubaki na unyumbufu, na kukiwa na joto mbili zilizogandamizwa pamoja hushikana. Nilizitenganisha kwa kuzivuta, na kila moja ikaondoka na vipande vya mwenzake.

Mchangiaji wa tano

Naomba kuuliza: rangi mnaitia lini, ndani ya rojo au juu yake baada ya kukauka?

Mwanzisha mada

Nimefanya yote mawili. Ukichanganya rangi ndani, mchoro una rangi moja hadi chini na hata ukikwaruzwa hauonyeshi weupe, ila tumia rangi nzito, maana rangi ya majimaji hulifanya rojo kuwa jepesi. Ukipaka juu baada ya kukauka, unaweza kugusa vilele tu kwa brashi karibu kavu na kuacha mabonde meupe. Kwa majani napendelea njia hiyo ya pili.

Mchangiaji wa sita

Nimesoma yote yaliyotangulia kwa makini, na kisa changu kinatofautiana kidogo na vyenu, kwa sababu kadi yangu haikuwa na kosa lolote ambalo macho yangeweza kuliona.

Nina rafiki asiyeona tangu utotoni. Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia, niliona rojo limekuja kama kwa ajili yake: hatimaye ningeweza kumpa kadi ambayo haihitaji mtu wa kumweleza. Nilichagua stensili ya mti mkubwa wenye majani mengi madogo, na chini yake nikataka salamu kwa maandishi ya nukta nundu, ule mfumo ambao Louis Braille aliuchapisha mwaka 1829. Nilitoboa matundu kwenye plastiki kwa sindano nene, nikapitisha rojo, na kila kitu kikatoka safi. Kwa macho yangu ilikuwa kadi bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Aliipokea, akapitisha vidole juu ya mti mara mbili, akaniuliza kwa upole kama ni mchanga. Majani yalikuwa yamekaribiana mno hivi kwamba kidole hakikupata mwanzo wala mwisho wa jani lolote. Maandishi nayo hakuweza kuyasoma. Katika nukta nundu umbali kati ya nukta moja na nyingine ndani ya herufi ni takriban milimita mbili na nusu, na kila nukta huinuka karibu nusu milimita. Nukta zangu zilikuwa pana, fupi na zilizotambaa, nyingine zikigusana. Alicheka, akanishukuru, kisha akaketi nami saa nzima akinifundisha.

Alinionyesha kwamba maneno ni bora yaandikwe kwa kibao na sindano ya nukta nundu, ambapo unabonyeza karatasi kutoka nyuma, ukiandika kutoka kulia kwenda kushoto ili ukiigeuza isomeke sawasawa. Rojo tuliliachia kazi ya picha. Nayo picha akanitaka niipunguze: mistari michache, mipana, yenye nafasi ya kidole kupita kati yake, na kila kitu kiwe na umbo linalojulikana hata bila matawi ya kukizunguka. Ushauri wa vitabu wa mchangiaji wa nne ni mzuri, lakini karatasi yenye nukta nundu isiwekwe chini ya uzito wowote, nukta zitalala. Mimi sasa nakandamiza kipande cha picha peke yake, kisha naandika maneno kwenye kipande kingine na kuvibandika kandokando, gundi ikiwa kwenye kingo tu ili nukta zisijazwe kwa nyuma.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana kwa kisa hiki, ndugu. Miaka yote minne nimekuwa nikiwaambia watu kwamba kadi hizi ni za kuguswa, na sijawahi hata mara moja kuyafumba macho yangu na kuikagua kadi kwa kidole kabla ya kuitia kwenye bahasha. Je, mti ule uliurudia? Ulibaki na majani mangapi?

Mchangiaji wa sita

Niliurudia mwaka uliofuata. Nilikata stensili mpya kutoka kwenye plastiki nene ya karibu milimita moja, shina moja, matawi matatu, na majani saba makubwa. Rafiki yangu aliyahesabu yote, kisha akarudi kwenye jani la kushoto chini, akauliza kwa nini limepinda tofauti na mengine. Kisu kilikuwa kimeniteleza wakati nakata. Akaniomba nisilirekebishe, kwa sababu ndilo linalomwonyesha upande wa chini wa kadi.