Udongo wa bondeni umevimba kwenye nyuzi joto 1,250: je, niuache?

Mfinyanzi wa Ilemela
Ndugu zangu, ninafinyanga vikombe na bakuli kwa udongo ninaochimba bondeni karibu na ziwa. Nikiuchoma kwa nyuzi 950 unatoa chombo chekundu cha kupendeza, lakini chai hupenya taratibu na kuacha duara la unyevu mezani. Kwa kuwa nilitaka vyombo vigumu visivyopitisha maji, nilikodi nafasi katika tanuri la gesi linalofika nyuzi 1,250. Vikombe vilitoka vimevimba, vimepinda na kugandamana na rafu. Je, nitafute udongo mwingine?

Itale na Majivu
Dada, usiuache. Udongo huo una chuma kingi na madini mengine yanayouwahisha kuyeyuka, kwa hiyo joto hilo limeuzidi. Uchanganye na kaolini, yaani udongo mweupe wa kufinyangia, kama ile ya Pugu kule Kisarawe, ambayo peke yake haiyeyuki kwenye joto hilo. Finyanga vipande vya majaribio, kimoja chenye robo ya kaolini, kingine nusu, kingine zaidi, na uvichome juu ya kigae ili usiharibu rafu ya mwenye tanuri. Kisha, ili kujua kama kinapitisha maji, pima uzito wa kipande kilichochomwa kikiwa kikavu, kichemshe majini saa mbili, kifute, ukipime tena: cha gramu 100 kisizidi gramu 103.

Kwa glezi, yaani utando kama kioo unaofunika chombo, Mwanza mmebarikiwa. Vumbi la itale linalobaki kwa kina mama wanaoponda kokoto lina felspa, madini yanayosaidia glezi kuyeyuka. Lichekeche, kisha ujaribu sehemu mbili za vumbi, mbili za majivu ya kuni na moja ya udongo. Majivu ya pumba za mpunga yasichukue nafasi ya yale ya kuni, kwani karibu yote ni silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na hayayeyuki bila chokaa.

Bibi wa Sengerema
Mwanangu, naomba usimwahidi mteja chungu cha kupikia cha aina hiyo. Chungu chetu cha kuchomwa kwa kuni na nyasi huvumilia mafiga kwa sababu kina vitundu vidogo na vigae vilivyopondwa ndani yake, ilhali chombo kilichoshikamana kabisa hupasuka moto ukikigusa upande mmoja. Vikombe na sahani peleka kwenye tanuri. Chungu cha sato kiache kwenye moto wa wazi.

Mfinyanzi wa Ilemela
Shikamoo bibi, nashukuru sana. Je, majivu yaoshwe kwanza?

Itale na Majivu
Yaloweke, umwage maji ya juu mara kadhaa, na uvae glavu, maana maji hayo huchubua ngozi.