Yule wa stiliwaya pale Mafinga, Mungu anamwona!

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe.

Mnamjua. Anaosha magari pale njia panda, ana pipa la bluu na kofia ya baridi hata jua la saa saba. Mafinga nzima imeshapita kwake. Simtaji.

Natoka msibani leo. Gari imelala siku mbili chini ya miti ya misindano, boneti imejaa utomvu: matone mengine ya manjano kama asali, mengine yamekauka yakawa kama shanga. Nikampelekea. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Mdogo wangu, huo ni utomvu, usiukwangue." Akajibu, "Sawa bosi." Nikaenda kunywa chai banda la pili.

Chai haijapoa nasikia krrr, krrr. Nikajua mama ntilie anasugua masufuria. Nageuka, jamaa kapiga goti kwenye bampa, STILIWAYA mkononi, anasugua boneti kama sufuria iliyounguza ugali wa harusi!

Stiliwaya wakuu! Ina punje ya wali bado!

Nimepiga ukelele hadi Makambako wameusikia. Anageuka ANATABASAMU. "Bosi unaona, unatoka!" Unatoka! Kinachotoka ni rangi yangu! Bluu yote imehamia kwenye povu, boneti imebaki kijivu kama goti la mtoto aliyeshinda kwenye vumbi. Tena akadai buku mbili juu, eti utomvu una bei yake.

Kinyanambo_Mkongwe: Uzi bila picha ni umbea. Weka picha.

Dada wa Ipogolo: Huyo huyo! Mwaka jana aliniosha injini kwa maji ya presha, gari ikagoma kuwaka mpaka jioni. Na yeye akatabasamu hivyo hivyo.

Mtu wa Baridi: Mleta mada nawe una lako. Misindano yote hiyo ya Sao Hill, watu wanafunga mifuko kwenye mashina kukinga utomvu, wewe unaegesha chini yake siku mbili! Ulitaka idondoshe maziwa?

Mleta mada: Mtu wa Baridi, nilikuwa msibani! Niegeshe juu ya kaburi? Na utomvu haukunidhuru. Aliyenidhuru ana stiliwaya. Nilimwambia usikwangue, akasema sawa bosi. Sawa bosi!

Fundi Rangi Uyole: Pole mkuu. Napiga rangi magari mwaka wa 11 huu, stiliwaya inanilisha lakini inaniuma. Utomvu wa msindano hauyeyuki kwa maji hata ulete Ruaha nzima, ndiyo maana vijana wanakimbilia kukwangua. Unayeyushwa na spiriti, ile ya duka la dawa. Gari iwe kivulini, boneti ipoe, toa vumbi kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana mchanga nao unakwaruza. Lowesha kitambaa laini kwa spiriti, kibandike juu ya tone, hesabu nusu dakika, ufute taratibu bila kukandamiza. Tone gumu unarudia, huchomeki kucha wala wembe. Gari iliyowahi kupigwa rangi mtaani jaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Kisha suuza upake nta, kwa sababu spiriti inaondoka na nta. Tina usiguse, wala petroli, wala dawa ya kutoa rangi ya kucha. Klia ya kiwandani, lile tabaka angavu linalofunika rangi, ni mikroni 40 hadi 50 hivi, nusu ya unene wa karatasi ya ofisini. Hapo ndipo stiliwaya ilipopita.

Dada wa Ipogolo: Spiriti nikiikosa?

Fundi Rangi Uyole: Sanitaiza ya mikono inafanya kazi, spiriti imo humo. Mleta mada, pitisha ukucha kwenye mikwaruzo. Ukiteleza, polishi itaokoa. Ukikwama, njoo tupige upya.

Mleta mada: Nimepitisha. Umekwama sehemu tatu. Kila ukikwama naisikia ile krrr. Nikifumba macho naliona tabasamu. "Unatoka!"

Kinyanambo_Mkongwe: Picha hakuna mpaka sasa.

Dereva wa Usiku: Mnalilia boneti? Mie nalilia roho. Malori ya magogo usiku hayana hata taa ya nyuma, gogo limechomoza mita mbili nje ya bodi. Juzi kule Nyororo nimeliona likiwa limebaki hatua kumi. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Mtu wa Baridi: Kweli kabisa. Na ukimpigia honi anaongeza mwendo.

Binti Tukuyu: Utomvu wa msindano una nafuu, una dawa. Njooni huku muone wa mgomba. Shati jeupe la ibada, nimebeba mkungu dakika mbili tu, doa jeusi la milele. Dobi wangu, na huyo watu wa Tukuyu mnamjua, kalipiga jiki kitambaa kikatoboka, doa limebaki limeshikilia nyuzi!

Dada wa Ipogolo: Jamani jiki tena? Dobi huyo ndugu yake wa stiliwaya.

Dereva wa Usiku: Binti Tukuyu, ukienda kubeba mkungu vaa kitenge cha zamani, shati la ibada libaki sandukuni.

Binti Tukuyu: Nilikuwa natoka kanisani, ningevua njiani?

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Kesho nampitia pale njia panda. Nimwambie nini? Stiliwaya ile, wakuu...

Mtu wa Baridi: Binti Tukuyu, mkungu Kiwira sasa hivi shilingi ngapi? Alhamisi nashuka huko.

Binti Tukuyu: Za kupika au za kuivisha?