Je, mgeni ana haki ya kuwa na maoni kuhusu sheria za nchi anayofanyia kazi?

Msafiri wa Deira aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Dubai, ninafanya kazi ya ghala, na ninaandika kwa sababu ya mabishano yaliyotokea chumbani kwetu juma lililopita, ambayo mpaka leo hayajanitoka moyoni.

Tunaishi sita katika chumba kimoja, wote tukiwa ni watu wa Afrika Mashariki. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, nami nikafanya kile ambacho ningekifanya nyumbani bila kufikiri mara mbili: nilifungua kundi la WhatsApp, nikaorodhesha majina, na kila aliyetoa mchango nikamwekea tiki kando ya kiasi chake. Saa mbili hazikupita, mzee mmoja ambaye amekaa nchi hii miaka mingi alinipigia simu na kunieleza, kwa upole kabisa, kwamba nilifute kundi lile papo hapo, kwa kuwa kuchangisha fedha bila kibali ni kosa la jinai katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Nililifuta. Mfiwa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, mita moja kutoka nilipokuwa, naye aliniona nikilifuta.

Usiku ule ndipo mabishano yalipoanza. Mmoja wetu alisema ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Sisi ni wageni, tulikuja kwa hiari yetu, na asiyeridhika ndege zipo kila siku. Mwingine akajibu kwamba katika nchi ambayo karibu watu tisa kati ya kumi ni wageni, haiwezekani wote hao wafumbe jicho, kwa maana mikono iliyoijenga na inayoiendesha ni yao. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba nina binamu yangu anayefanya kazi ofisini, mji huu huu, naye huniambia kwamba hajawahi kuwa huru maishani mwake kama alivyo huru hapa. Mimi sioni hivyo. Sheria ni zile zile na mji ni ule ule, basi kwa nini tunaona mambo mawili tofauti? Nami nilikosea kiasi gani katika suala la mchango? Naomba majibu ya watu waliokaa, si ya waliosikia.

Bin Bandari alijibu:

Ndugu Msafiri, kwanza pole kwa msiba, na umfikishie mwenzako rambirambi zetu. Nimekaa nchi za Ghuba zaidi ya miaka kumi na tano, nikaanzia Maskati na sasa nipo Abu Dhabi, na kazi yangu inanilazimu kusoma sheria za ajira, hivyo nitajibu kwa upande wa maandishi.

Mzee aliyekupigia simu alikutendea wema. Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 2021 inayosimamia michango, na msingi wake ni kwamba ni taasisi zenye kibali pekee zinazoweza kutoa wito wa kuchangisha fedha, na faini yake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dirhamu. Hata kabla ya sheria hiyo kuandikwa upya, mwaka 2016 mkazi mmoja wa kigeni alikamatwa Dubai kwa kusambaza mtandaoni kiungo cha kuchangia mablanketi ya wakimbizi wa Afghanistan. Serikali inaogopa ulaghai na fedha zinazokwenda kwenye makundi ya silaha, na hofu hiyo si ya bure. Kumpa rafiki yako fedha zako mkononi ni jambo jingine kabisa. Tatizo ni kwamba ndani ya simu mpaka kati ya marafiki na umma ni mwembamba mno: mmoja akiusambaza ujumbe wako kwenye kundi la watu mia mbili, wito umekwisha kuwa wa hadhara, na mwenye jina juu yake ni wewe.

Ninasisitiza hili kwa sababu watu wetu wengi hufika hapa wakiwa wamefundishwa kuogopa mambo yasiyo yao. Wanaulizia pombe na mavazi, ilhali mageuzi yaliyotangazwa Novemba 2020 yaliondoa adhabu ya kunywa pombe bila leseni na pia adhabu ya wasiooana kuishi nyumba moja. Yanayowafunga watu wa kwetu ni mengine. Ni picha ya mtu iliyopigwa bila ridhaa yake na kuwekwa mtandaoni, au tusi lililotumwa kwa hasira katika ujumbe wa sauti, ambayo yote mawili yamo katika sheria ya makosa ya mtandao iliyoanza kutumika Januari 2022. Ni miraa iliyofungwa ndani ya begi kwa kuwa kule ilikotoka inauzwa sokoni, kumbe hapa imo katika orodha ya dawa za kulevya. Ni vidonge vya maumivu vyenye kodeini ambavyo mtu alinunua dukani bila kuulizwa cheti, akavipitisha uwanja wa ndege bila kibali. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekusudia kuvunja sheria, na hakimu haulizi hilo kwanza.

Kuhusu haki ya kuwa na maoni, jibu langu ni kwamba unayo, lakini ulichague vizuri jukwaa la kuyatolea. Ukiwa na malalamiko dhidi ya mwajiri, yapeleke Wizara ya Rasilimali Watu, ambako yatasajiliwa kwa namba. Ukiyapeleka mtandaoni ukiwa umemtaja kwa jina, unaweza kugeuka wewe ndiye mshtakiwa hata kama ulilosema ni kweli tupu.

Mama Tausi alijibu:

Kaka Bin Bandari amesema kweli, ila swali la mdogo wangu Msafiri la kwa nini yeye na binamu yake wanaona tofauti bado halijajibiwa, nami ndilo linaloniuma.

Nilifika Sharjah kufanya kazi za ndani. Siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa pa kulala, bibi wa nyumba aliichukua pasipoti yangu mkononi mwangu, akaiweka kwenye droo ya kabati la sebuleni pamoja na nyingine mbili, akazifunga kwa raba, akageuza ufunguo. Ilikuwa droo ya mbao yenye kitasa cha shaba, na kila asubuhi nilipokuwa nikipangusa vumbi niliipangusa na hiyo. Kwa miezi kumi na minne nilipangusa droo yenye jina langu ndani yake. Hakunipiga, mshahara ulikuja, ijapokuwa kwa kuchelewa, na chakula nilipata. Lakini ukiniuliza kama nilikuwa huru kwenda popote, nitakuonyesha ile droo.

Wengi wanadhani uhuru wa mgeni hupimwa kwa sheria zinazosimuliwa magazetini. Mimi nasema unapimwa kwa karatasi moja, nayo ni kibali cha ukaazi na jina la aliyekidhamini. Binamu yako wa ofisini ana viza inayofuata taaluma yake. Akigombana na mwajiri leo, kesho atatafuta mwingine, na muda wa kubaki nchini baada ya viza kufutwa umerefushwa tangu 2022 kwa makundi mengi. Mwanamke anayelala nyumbani kwa mwajiri hana kesho ya namna hiyo. Akitoka mlangoni bila ruhusa, mwajiri anaweza kutoa taarifa kwamba ametoroka, na tangu saa hiyo anayetafutwa ni yeye, si aliyemnyima mshahara. Huo ndio mzizi wa mfumo wa kafala, yaani ule wa mgeni kukaa nchini kwa udhamini wa mwajiri wake, na kote Ghuba umeguswa kwa mageuzi, lakini tazameni nani huachwa nyuma. Saudi Arabia ilipowaruhusu wafanyakazi kuhama mwajiri kuanzia Machi 2021, wafanyakazi wa ndani hawakuhesabiwa humo. Qatar iliondoa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri ili kutoka nchini kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na wa ndani wakasubiri mpaka 2020.

Sisemi haya kwa chuki. Sheria ya wafanyakazi wa ndani ya mwaka 2022 ya hapa Emirates ni nzuri nikiisoma: siku moja ya mapumziko kila wiki yenye malipo, saa kumi na mbili za kupumzika kwa siku ambazo nane kati yake zifuatane, na hati zako zikae kwako mwenyewe. Ningeipata wakati ule, ningeibandika juu ya droo. Ila sheria hiyo inamfaa aliyeambiwa kwamba ipo, na wakala aliyeniuzia kazi ile hakuniambia lolote isipokuwa niwe mtiifu.

Kwa hiyo yule mwenzenu wa methali ya chongo anakosea jambo moja. Sheria za mwenyeji nilizifumbia jicho vizuri sana, sikuvunja hata moja. Aliyekuwa akivunja sheria ya nchi hii ni aliyeshika ufunguo, naye ni mwenyeji.

Mwalimu wa Ajman alijibu:

Dada Mama Tausi, pole sana, na maneno yako nimeyasoma mara mbili. Hata hivyo naomba niseme la upande wa pili, kwa kuwa nalo ni la kweli kwangu.

Mimi ni mwanamke, ninafundisha, na hutoka kwenye masomo ya jioni saa tano za usiku nikiwa peke yangu, nikiwa na simu mkononi, nikatembea dakika ishirini hadi nyumbani bila kugeuka nyuma. Katika mji nilikokulia sikuthubutu hilo hata saa moja ya jioni. Mtu akiniambia kwamba hapa hakuna uhuru, namuuliza anazungumzia uhuru gani, maana uhuru wa kusema na uhuru wa kutembea si kitu kimoja, nami nilikuwa na wa kwanza kule kwetu kwa miaka mingi huku wa pili nikiukosa kabisa. Nakubali kwamba siwezi kuandika gazetini kumkosoa mtawala, na kwamba kwa baadhi ya watu hilo ni zito kuliko yote. Kwangu mimi, kwa miaka hii ninayosomesha watoto, nimelipima na nimeamua kubaki.

Nakiri pia kwamba pasipoti yangu imo kwenye pochi yangu tangu siku niliyofika. Pengine ndiyo sababu ninaweza kupima na kuamua.

Msafiri wa Deira aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nilipofika kwenye habari ya droo nilisimama kusoma, kwa sababu pasipoti yangu mimi iko katika ofisi ya kampuni tangu wiki ya kwanza. Walisema ni kwa ajili ya usalama wake, nikaona ni jambo la kawaida kwa kuwa za wenzangu wote ziko huko. Sikuwahi kuliunganisha jambo hilo na hisia niliyo nayo. Naomba mnielekeze: naweza kuidai bila kuonekana mkorofi, nikiwa bado nina mkataba wa mwaka mmoja na nusu?

Bin Bandari alijibu:

Unaweza, ndugu yangu, na sheria iko upande wako waziwazi. Sheria ya ajira iliyoanza kutumika Februari 2022 inamkataza mwajiri kuzuia hati rasmi za mfanyakazi, iwe kwa usalama, kwa dhamana au kwa jina lolote jingine watakalotumia.

Andika barua fupi ya mistari miwili au mitatu. Weka tarehe, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Emirates, na useme kwamba unahitaji pasipoti yako irudishwe mkononi mwako kabla ya tarehe fulani. Usiandike sababu, maana ukiandika sababu watajadili sababu. Itume kwa barua pepe, usiipeleke kwa mdomo, ubaki na nakala. Wakikuletea karatasi inayosema kwamba umeridhia mwenyewe waendelee kukutunzia, usiitie saini, hata kama wenzako wote wametia. Wakinyamaza baada ya tarehe uliyoweka, peleka malalamiko katika Wizara ya Rasilimali Watu, na ufanye hivyo ukiwa bado unahudhuria kazini kila siku kwa wakati, ili asipatikane wa kusema kwamba umetoroka. Kwa madai ya fedha pia, kama yatatokea, wizara hiyo tangu Januari 2024 ina mamlaka ya kutoa uamuzi katika migogoro isiyozidi dirhamu 50,000, hivyo si kila jambo linalohitaji wakili.

Mama Tausi alijibu:

Nami naongeza moja tu, mdogo wangu. Wakikurudishia, usiondoke dirishani kabla ya kuifungua. Angalia kwamba ni yako, angalia tarehe ya kwisha kwake, kisha ipige picha ukurasa wa kwanza na umtumie mtu wa nyumbani unayemwamini. Yangu iliporudi nilikuta imebaki miezi miwili, nayo ilikuwa imekaa ndani ya droo ile bila mimi kujua kwamba inakwisha.