Tupeane uzoefu: umebadili injini gari la zamani, kitu gani kiligoma kukubali?

Kobe wa Tabata:
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita Ilala kwenye yuzdi, pale wanapouza injini na spea zilizotumika, nikakuta kijana anapakiziwa injini kwenye guta, muuzaji anamwambia "inaingia hiyo, haina shida", nikamhurumia maana neno hilohilo ndilo lililomla hela jirani yangu. Mimi nina Corolla 100, injini 5A, imeanza kula oili na asubuhi inatoa moshi wa bluu. Fundi anasema tuachane na ovaholi, yaani kuifungua na kuifanya upya, tuweke injini ya 4A au 7A. Mliopitia njia hii semeni kilichowakwamisha, hasa vile vidogovidogo ambavyo muuzaji hasemi.

Spana 14:
4A weka ulale usingizi. Urefu wa bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, ni ule ule wa 5A, taiming belti ile ile, mauntingi za kuishikilia zile zile. 7A ina stroki ndefu, yaani mwendo wa pistoni juu na chini, 85.5 mm wakati 4A na 5A ni 77, kwa hiyo bloku yake imeenda juu, belti yake ni nyingine na egzosi pale mbele itakusumbua kidogo. Inaingia, watu wengi wameweka, ila nunua na braketi zake, waringi yake na kontroli boksi yake, ile kompyuta ya injini, usije ukaivalisha kontroli boksi ya 5A halafu ukalalamika inakunywa mafuta.

Mama Brayo:
Hiyo "inaingia" mmenikumbusha mbali jamani. Mimi nilikuwa na Noah SR40 inabeba wanafunzi, injini 3S, ikaua silinda hedi, fundi akasema mama tafuta 3S yoyote tufunge, nikaenda mwenyewe na hela mkononi nikauziwa 3S safi kabisa imetoka kwenye RAV4 ya zamani, inang'aa, hata oili haijavuja. Kuifikisha gereji fundi anaizunguka tu haongei. Kumbe Noah injini imelala chini ya viti vya mbele inaangalia mbele na nyuma, inavuta tairi za nyuma, ya RAV4 imekaa mkingamo. Sampu, lile bakuli la oili chini, haifanani, manifoldi ya hewa inaelekea kwingine, braketi za mauntingi hazifanani hata moja, bomba la maji linatokea upande ambao kwenye Noah kuna chuma. Muuzaji nikampigia akasema mama si uliomba 3S? Gari lilikaa gereji mpaka wazazi wakahamisha watoto wao wakawapeleka basi lingine, na hapo ada ya nyumbani ilikuwa inatoka kwenye gari hilohilo. Inauma mpaka leo.

Dogo Gereji:
Dada 3S ni 3S tu, bloku ile ile. Huyo fundi wako hajui kazi. Unahamisha vitu vya nje kutoka ya zamani unafunga, jioni gari liko barabarani.

Mama Brayo:
Mimi siyo dada yako, nina wajukuu. Na hivyo vitu vya nje ndivyo vilivyofanyika baadaye, sampu, kinyonyeo cha oili, manifoldi, braketi, vyote vilitolewa kwenye injini iliyokufa, gasketi zote mpya. Jioni gani hiyo unayosema wewe?

Dogo Gereji:
Shikamoo mama, sikujua. Lakini nasimama hapohapo, inawezekana.

Spana 14:
Mama yuko sahihi na wewe una kaukweli kako. Namba ya aina, kama hiyo 3S, inakwambia familia, haikwambii imekaaje kwenye gari. Ndiyo maana mteja akija kwangu simruhusu kuuza injini ya zamani mpaka mpya imewaka na imetembea. Ile kuukuu ndiyo duka lako la braketi.

Chuma Chakavu:
Hii ya mwisho isomwe mara mbili.

Mshambaa wa Soni:
Nyie mnazungumzia braketi, mimi niache niseme hili maana nikisikia mtu anasema anatoa petroli anaweka dizeli mwili unanisisimka. Mjomba wangu alikuwa na Hiace ya petroli, 1RZ, akaona mafuta yanammaliza akaibadilisha kuwa 3L ya dizeli. Fundi akaikuta 3L nzuri lakini imekuja haina alteneta, akachukua alteneta ya ile ya petroli akaitengenezea braketi akafunga, taa ya chaji ikazima, kazi ikaisha, hela ikalipwa. Breki zikawa ngumu, mjomba akauliza, akajibiwa ni pedi mpya zitazoea. Siku hiyo tumetoka Lushoto na kabichi na pears mpaka kwenye paa, mimi nimekaa mbele, tumepita Soni tunashuka Mombo, wanaoijua ile barabara wanajua kona zake, huku mwamba huku bonde. Mjomba anakanyaga breki pedali haiendi, ngumu kama jiwe, anakanyaga kwa miguu miwili mpaka amenyanyuka kwenye kiti, gari linapungua kidogo tu halafu linaongeza. Nyuma mama mmoja anataja jina la Yesu mwingine anapiga takbiri. Mjomba akaigonga gia ya pili ikalia, akaigonga ya kwanza, akavuta breki ya mkono akaliegemeza ubavu kwenye kingo ya mlima, likakwangua vioo na mlango mpaka likasimama. Hakufa mtu. Kabichi zilitapakaa barabara nzima na kuna mzee alishuka akakaa chini hakusema neno mpaka ikaja gari nyingine.

Fundi wa Mombo alipofungua alituita tuone. Hozi ya busta ya breki imefungwa kwenye manifoldi ya hewa na klempu mpya kabisa, kama ilivyokuwa kwenye petroli. Na ubavuni kwenye bloku, pale panapotoka oili ya kulisha vakyumu pampu, pamezibwa na bolti na gamu nyekundu. Akatueleza taratibu: petroli manifoldi inavuta upepo, busta inatumia mvuto huo kumsaidia dereva. Dizeli manifoldi yake haina mvuto wa maana, ndiyo maana 3L pampu ya vakyumu imepandwa nyuma ya alteneta yake yenyewe. Ukiikosa alteneta ile umekosa breki. Aliyeifunga alitafuta chaji akapata chaji.

Chuma Chakavu:
Mungu mkubwa.

Kobe wa Tabata:
Nimesoma nimesimama. Mjomba alimfanya nini huyo fundi?

Mshambaa wa Soni:
Hakumpata. Gereji ilishahama.

Mkenya wa Tao:
Poleni sana huko. Hapa Nairobi kule Kirinyaga Road, wazee bado wanaita Grogan, cha kwanza angalia vibandiko. Rafiki yangu alichukua 1HZ ya Land Cruiser imetoka Japani, gari lake ni volti 12, injini ni ya volti 24, kule kwao ziko nyingi za hivyo. Stata inazunguka kivivu, wakabadilisha betri bure, wakasema kompreshani, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, imeisha, kumbe stata, alteneta na hita plagi zote za 24. Imeandikwa kwenye stata yenyewe, kakibandiko kadogo, futa grisi usome.

Dogo Gereji:
Kwa nini usifunge betri mbili tu?

Mkenya wa Tao:
Na taa, na redio, na waipa utazifunga na nini kaka?

Gari la Baba:
Wenye D4, zile injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, msikilizeni huyu. Premio ya 3S-FSE nilitoa nikaweka 3S-FE ya kawaida na ninaipenda, lakini kilichogharimu ni umeme. Throto ya D4 ni ya umeme, pampu yake ya presha kubwa haitakiwi tena, na giaboksi ya auto inapokea amri kutoka kontroli boksi, kwa hiyo ukikosea boksi injini inawaka vizuri gia hazibadiliki. Nunua injini, giaboksi, waringi na boksi vikiwa bado vimeshikana. Kama wanaleta gari lililokatwa nusu, chukua la mbele lote.

Mzee wa Kadi:
Na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari pamoja na cc. Ukihama 5A kwenda 7A umetoka 1498 kwenda 1762. Chukua risiti, peleka taarifa TRA, mamlaka ya mapato, ibadilishwe. Siku ya ajali utakuja kunishukuru.

Chuma Chakavu:
Mimi nasema piga ovaholi 5A yako, pete na sili za valvu, basi. Injini ya yuzdi nayo kuna mtu aliichoka.

Spana 14:
Kama silinda hazijalika, sawa. Kobe, mwambie fundi apime kompreshani kwanza kabla hujatoa shilingi, halafu weka namba hapa za silinda zote nne.

Kobe wa Tabata:
Jumamosi nampelekea. Na nikienda Ilala nitabeba picha za sampu na mauntingi zangu kwenye simu.

Mama Brayo:
Na alteneta uipige picha, mwanangu. Mbele na nyuma.