Moto (pikipiki), gari dogo ao taksi: nini kinafaa kwa kwenda kazini Nyawera, Bukavu?

Wa Kilimani
Wandugu, nataka kuachana na taksi. Kazi iko Nyawera na ambuteyaji (foleni ya magari) ya asubuhi inazidi. Ninunue moto mpya ao gari dogo lililokwisha kutumika? Nataka nimalize kabla ya mwisho wa mwezi.

Fundi wa Kadutu
Unatoka upande gani, Bagira, Nguba ao Essence? Una dola ngapi? Unabeba mtu? Bila hayo tunakisia tu. Milima ya Bukavu haimtendei kila mtu sawa.

Mama Ibanda
Na fasi ya kuegesha iko? Pale Nyawera lori moja likishusha mizigo, upande mzima wa barabara umefungwa.

Wa Kilimani
Natoka Panzi. Dola 2,000, pesa ya karatasi za chombo ikiwa ndani. Kuna mtoto mmoja wa kushusha Essence, masomoni.

Motari wa Essence
Moto ya cc 125, ndugu, usihangaike. Inapenya pale gari linapolala. Ila angalia pinyo ya mbele, kile kigurudumu cha meno kinachovuta shene (mnyororo): ikiwa na meno 15, weka ya 14. Nguvu ya kupanda inaongezeka karibu 7 kwa 100. Mbio zinapungua kidogo, lakini kati ya Panzi na Nyawera utazikimbizia wapi? Shene ilegee sentimita 2 hadi 3, si zaidi. Tope likikauka juu yake linaila kama msasa: isugue kwa petroli ya taa, ikauke, ndipo upake oili.

Fundi wa Kadutu
Pinyo ni sawa, yaya, lakini zungumza freni (breki). Ililetwa garaji moto moja ambayo mwenyewe alikuwa akishuka milima motere (injini) imezimwa, apate kubania esansi (petroli). Kazi yote ikabaki kwa freni ya nyuma. Ngoma ya freni ikapata joto, bitambaa vya freni vinavyoibana kwa ndani vikawa laini vinang'aa, havishiki tena. Garaji nyingine ikamkazia tu chuma cha freni. Pedali ikapanda juu, akaona imepona, kumbe bitambaa sasa vilikuwa vinagusa ngoma saa zote. Joto likazidi, grisi ya beringi ikayeyuka ikaingia ndani. Siku ya mvua, akiwa na abiria, akabaki na freni ya mbele peke yake. Gurudumu likateleza, akavunjika mfupa wa bega. Shuka na vitesi (gia) ya pili, motere ikiwaka. Fungua ngoma kila mwezi. Bitambaa vikibaki chini ya milimita 2, badilisha vyote viwili pamoja.

Mama Ibanda
Ndiyo maana nasema gari. Mtoto juu ya moto wakati wa mvua, mimi sikubali.

Wa Nguba
Mama, gari la dola 2,000 litakuwa limechoka. Akilitaka hivyo hivyo, aliache liwake limesimama mpaka feni ya radiatere ianze yenyewe. Kwenye foleni ya kupanda hakuna upepo. Feni ikikataa, maji yanachemka na kichwa cha motere kinapinda. Muuzaji akikataza kipimo hicho, mnunuzi aondoke. Na mlimani ashike gari kwa freni ya mkono, asilishike kwa ambreyaji (klachi), diski itaungua.

Motari wa Essence
Na usukani wa kulia je? Sisi tunapita kuume. Ukiwa nyuma ya lori huoni kinachokuja mpaka pua yote ya gari itoke.

Wa Nguba
Saa ya foleni nani anapita lori? Barabara inafungwa na taksi zinazosimama popote.

Mama Ibanda
Zisimame wapi, papa? Vituo havikuchorwa. Abiria anashuka pale anapofika.

Fundi wa Kadutu
Turudi kwa moto. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Motere ya karburateri (kabureta) inapoteza kama 15 kwa 100 ya nguvu. Boji (plagi) ikitoka nyeusi yenye masizi makavu, esansi imezidi: punguza jigleri, kile kitundu cha kupitisha esansi ndani ya karburateri, namba moja, usiikimbilie boji mpya.

Wa Kilimani
Na nikipanda taksi na mtoto mpaka Essence, kisha nimalizie kwa miguu?

Motari wa Essence
Saa ya ambuteyaji miguu inaishinda taksi. Lakini jioni, kurudi Panzi na mizigo?

Mama Ibanda
Mtoto anaingia masomo saa ngapi, saa moja na nusu ao mbili? Hujasema.