Nichukue prosesa ipi: 5600G, i3-12100F au Xeon ya X99? (gemu, bajeti ndogo)

Mkolani_Gamer

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu. Nataka kuunga kompyuta ya gemu, bajeti 1.5m bila monita. Monita ninayo, ya 1080p na 75Hz. Gemu ni eFootball, GTA V, Valorant, CS2, na ikiwezekana Cyberpunk 2077.

Nimebaki na njia tatu:

1. Ryzen 5 5600G, nianze bila kadi ya michoro, kadi nitafute mwakani.
2. Core i3-12100F pamoja na kadi ya RX 6600 ya mtumba.
3. Kile kifurushi cha Kichina cha X99: Xeon E5-2680 v4, mazabodi na ram 16GB. Viini 14 kwa bei ya kutupa, mbona watu hawaichangamkii?

Umeme wa mtaani kwetu unapanda na kushuka, hilo nalo mlizingatie.

FundiSoketi

Mkuu, amua kwanza suala la kadi, prosesa itajichagua yenyewe. Kadi unayo sasa au huna?

Xeon iweke pembeni. E5-2680 v4 ni ya 2016, ilitengenezwa kwa ajili ya seva. Viini ni vingi kweli, lakini kila kimoja kinaanzia 2.4GHz na mwisho wake ni 3.3GHz, tena kwa usanifu wa zamani. Gemu nyingi zina uzi mmoja au nyuzi mbili (mfululizo wa kazi unaoendeshwa na kiini) zinazobeba mzigo mkubwa, na huo uzi ukichelewa, viini vingine vinakaa vinausubiri. Kwenye CS2 na Valorant i3-12100F yenye viini 4 inaiacha mbali, maana inafika 4.3GHz na inafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mzunguko. Xeon inalipa kwa mtu wa kurenda video au kuendesha mashine pepe. Halafu hizo mazabodi nyingi zinaitwa X99 kwa jina tu, chipseti (chipu inayosimamia mazabodi) imebanduliwa kwenye mazabodi za ofisini za zamani, na toleo jipya la BIOS (programu ya kuwashia mazabodi) usilitegemee. Zile za X79 zenye Xeon v2 ndiyo usiguse kabisa: hazina AVX2 (seti ya maagizo ya prosesa), na kuna gemu za sasa zinazogoma kufunguka bila hiyo.

5600G inafaa kwa mtu mmoja tu, ambaye kadi hana na hatakuwa nayo kwa muda mrefu. Vega 7 iliyomo ndani itacheza eFootball, Valorant na GTA V kwa 1080p ukishusha mipangilio. Cyberpunk sahau. Sharti lake ni ram mbili za 8GB, siyo moja ya 16GB, kwa sababu michoro inakula kwenye ram hiyohiyo, na ukiweka moja unakata njia ya data nusu.

Ubaya wa 5600G unakuja siku ukipata kadi. Ina kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya 16MB, wakati 5600 ya kawaida ina 32MB, na inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia inayounganisha kadi na prosesa. Utakuwa umenunua kadi mpya ukaifunga kwenye prosesa dhaifu kuliko ambayo ungeipata kwa pesa karibu ileile. Na 5500 angalia vizuri, jina linafanana na 5600 lakini kwa ndani ni 5600G iliyozimwa michoro.

Kashe32

Naongezea hapo. Kati ya i3-12100F na Ryzen 5 5600, mimi ningechukua 5600 kwa orodha yako, na sababu ni Cyberpunk peke yake. Valorant, CS2 na eFootball hazitakuonyesha tofauti ya maana kwenye 75Hz. Lakini ukiingia Night City ukaweka watu wengi mitaani, viini 4 vinafika 100% na gemu inaanza kukwama kwama hata kama wastani wa FPS (picha kwa sekunde) unaonekana mzuri. Ukiangalia vipimo vya watu mtandaoni usiangalie wastani, tazama ile namba ya 1% ya chini, yaani FPS za nyakati mbaya zaidi. Hiyo ndiyo utakayoisikia mkononi.

i3 ina utetezi wake: ukiifunga kwenye mazabodi ya H610 au B660, kesho unachomoa unaweka i5-12400F (viini 6, nyuzi 12) bila kugusa kingine. Ila H610 zipo za ram ya DDR4 na zipo za DDR5, sloti haziingiliani, kwa hiyo soma boksi kabla hujalipa.

Mazabodi ya 5600: B550 kama bei inaruhusu, B450 au A520 kama hairuhusu. Hizo mbili zina PCIe 3.0 lakini RX 6600 ina njia 8 za data, hasara yake ni ndogo. Inayoumia ni RX 6500 XT, ina njia 4 tu, ukiiweka kwenye PCIe 3.0 inapungua hadi unaiona kwa macho.

AM5 (soketi mpya ya AMD, inatumia DDR5) na Ryzen 5 7500F ni nzuri kuliko zote hizi, lakini kwa bei za DDR5 zilivyopaa tangu mwishoni mwa 2025, kwa 1.5m utabaki bila kadi.

Mkolani_Gamer

Shukrani wakuu, X99 nimeifuta. Basi niende na 5600 na RX 6600. Swali lingine: kuna jamaa ana OptiPlex (kompyuta ya ofisini ya Dell) yenye i7-6700, bei yake ni chini ya nusu ya bajeti. Nikichomeka RX 6600 humo si nimemaliza?

FundiSoketi

Hujamaliza. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8. i7-6700 ni kizazi cha 6. Kuna njia za kulazimisha isakinike, lakini Valorant ndani ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (vipengele vya usalama vya kompyuta), hapo ndipo wengi wanagonga ukuta.

La pili ni pawasaplai. Ya Dell plagi zake nyingi siyo za kawaida, huwezi kuchomoa ukaweka yoyote ya dukani, na mara nyingi haina waya wa pini 8 ambao RX 6600 inahitaji. Kama ni lazima mashine ya ofisini, tafuta yenye i5-8500 au i5-10500, kasha kubwa siyo lile jembamba, na uweke RTX 3050 ya 6GB inayokula 70W bila waya wa ziada.

Mama_Bodi

Mkolani, ukienda dukani kuchukua 5600 ya mtumba, haya usiyapuuze.

Igeuze uangalie pini. AM4, soketi ya 5600, ina pini 1331 upande wa prosesa yenyewe. Ishike usawa wa macho, safu zote zinatakiwa zinyooke kama mistari ya daftari. Iliyopinda kidogo inanyooshwa taratibu kwa wembe. Iliyokatika, mrudishie mwenyewe. Kwa Intel ya LGA1700 (soketi ya i3-12100F) pini ziko kwenye mazabodi, kwa hiyo huko unakagua soketi.

Ukiona imeandikwa PRO, uliza ilitoka mashine gani. Kuna Ryzen PRO zilizotoka kwenye Lenovo ambazo zimefungwa na mtengenezaji, kwenye mazabodi nyingine haziwaki kamwe. Siyo mbovu na hakuna dawa.

B450 ya zamani inaweza isiijue 5600 kabisa: feni zinazunguka, picha hakuna. Muuzaji aiwashe mbele yako, au chukua yenye kitufe cha BIOS Flashback. Hapo unaweka faili la BIOS kwenye flashi ya FAT32, unalibadilisha jina liwe lile linalotajwa kwenye kitabu cha mazabodi, unachomeka kwenye USB iliyowekewa alama, unabonyeza kitufe na kusubiri taa iache kumeta. Katikati ya zoezi umeme ukikatika BIOS inaweza kuharibika, kwa hiyo ifanye ikiwa kwenye UPS.

Ram zikiwa mbili kwenye mazabodi ya sloti nne, ziende sloti ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio unaoipa ram kasi yake kamili), bila hivyo ram ya 3200 inakimbia 2133 au 2666 na utailaumu prosesa bure. Waya wa HDMI unachomekwa kwenye kadi. 5600 haina michoro, tundu la HDMI la mazabodi halitatoa kitu.

Kuhusu umeme: 5600 inavuta kama 76W ikibanwa, RX 6600 ni 132W. Pawasaplai ya 550W ya kampuni inayoeleweka inatosha na chenji inabaki. Hizi za "700W" nyepesi kama boksi tupu ndizo zinazoua kadi umeme ukirudi kwa kishindo. Angalia pia UPS yako, zile za bei ya chini zinatoa wimbi la mraba, na baadhi ya pawasaplai za kisasa huzima palepale UPS inapopokea mzigo.

Mkolani_Gamer

Nimeipata 5600, pini safi, ila ni ya trei, haina feni. Nina Wraith Stealth ya 3600 nimepewa. Itakaa?

Mama_Bodi

Itakaa. Wraith Stealth inafungwa kwa skrubu nne, siyo kulabu, kwa hiyo ondoa kwanza vile vipande viwili vya plastiki pembeni ya soketi. Ukivifungua, bati la nyuma ya mazabodi linadondoka, lishikilie kwa mkono mwingine. Futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya tone la ukubwa wa njegere katikati, kaza skrubu kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo hadi zigome. Waya wa feni uende kwenye CPU_FAN.

Kikomo cha 5600 ni nyuzijoto 90. Ikigusa hapo kwenye gemu, skrubu moja haijakaa au pesti haikusambaa. Siku ya kuing'oa, washa mashine kama dakika kumi ipate joto, zima, chomoa umeme, kisha zungusha Wraith Stealth nzima kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua. Ukiivuta juu ikiwa baridi, prosesa inakuja nayo na pini zinapinda.